Kuanguka Saiti Huanzia Chini, Siku Mbao Zinaponunuliwa

Mtu akiteleza kwenye ukingo wa slabu ya ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini, anafika chini ndani ya sekunde 0.8 akiwa na mwendo wa kama kilomita 28 kwa saa. Akidondoka kutoka mita 6, ni sekunde 1.1 na mwendo wa kilomita 39. Muda huo hautoshi kudaka nondo, kugeuza mwili wala kupiga kelele. Kwa hiyo ule usemi wa kila siku saitini, "fundi kuwa makini", haumsaidii aliyekwisha kuteleza. Kinachomwokoa ni kitu kilichowekwa kabla hajapanda: reling, mbao iliyofungwa, shimo lililozibwa. Vitu hivyo visiponunuliwa pamoja na saruji na nondo, havitapatikana siku ya kazi.

Nchi zenye takwimu za miaka mingi, kama Marekani na Uingereza, zinaonyesha kwamba kuanguka ndiko kunakoua wafanyakazi wengi wa ujenzi kuliko ajali nyingine yoyote, na huko kuna sheria, wakaguzi na majukwaa ya mabomba ya chuma ya kusimamia mafundi. Huku kwetu Tanzania, saiti kubwa za makandarasi waliosajiliwa nazo zina afisa usalama na zinakaguliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani: ghorofa moja au mbili, fundi mkuu mmoja, mafundi wachache, na vibarua wanaolipwa jioni. Hapo jukwaa ni la mirunda, ngazi imegongwa pale pale, na hakuna aliyeandika usalama kwenye makisio. Pia watu wana imani kwamba mita 3 si juu. Mita 3 zinatosha kabisa kuvunja uti wa mgongo.

Jukwaa la mirunda

Mirunda haina ubaya wowote. Jukwaa la miti likifungwa vizuri hubeba kazi ya ghorofa mbili bila shida. Ubaya uko kwenye mti wenyewe, namna ya kufunga, na mzigo unaopandishwa.

Tuanze na mti. Mrunda wa nguzo umenywe magome. Gome huficha ufa, tundu la mdudu na sehemu iliyooza, na kamba iliyofungwa juu ya gome hulegea gome linapobanduka. Kwa sababu hiyo hiyo usipake rangi miti wala mbao za jukwaa. Gonga mti kwa nyundo toka chini hadi juu: mzima unalia kavu, uliooza unatoa sauti nzito iliyokufa. Kisha choma ncha ya msumari hapo unapopashuku, hasa kwenye kitako, maana ndiko kulikokaa kwenye udongo wa saiti iliyopita. Ukizama kwa urahisi, mti huo ukatwe vigingi.

Kitako cha nguzo kisisimame juu ya udongo uliojazwa juzi, wala juu ya tofali. Tofali la saruji hupasuka ghafla likibanwa sehemu ndogo, na nguzo moja ikishuka sentimita chache, mzigo wake wote unahamia kwa jirani yake. Weka kipande cha mbao nene chini ya kila nguzo, au chimba shimo la kama sentimita 60 ushindilie kwa mawe. Mvua ikinyesha usiku, cha kwanza asubuhi ni kuzunguka kuangalia vitako, kabla mtu hajapanda.

Kufunga ndiko kunakoharibu majukwaa mengi. Mti wa kulala unaobeba mbao hupigiliwa misumari miwili kwenye nguzo, basi. Mti mbichi unakauka, unasinyaa, msumari unalegea bila kuonekana kwa macho, na kila anaporuka mtu juu yake unatoka kidogo. Kila fundo lifungwe kamba: ya katani au ya nailoni, mizunguko mingi inayobana nguzo na mti wa kulala, kisha mizunguko ya kukaza inayopita katikati ya miti hiyo miwili. Ya katani ikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa jua na mvua huila. Chini ya fundo pigilia kipande cha mbao kwenye nguzo, ili kamba ikilegea, mti wa kulala ukalie juu yake. Kipande hicho cha mbao ni mabaki ya shata (mbao za kushikilia zege bichi), hakigharimu kitu, na ndicho kinachokosekana karibu kila jukwaa unalolipita barabarani.

Jukwaa linahitaji pia miti ya mshazari, kutoka chini upande mmoja hadi juu upande mwingine, la sivyo litayumba kwa pamoja kama kitanda kilicholegea miguu. Na lazima lishikiliwe na ukuta. Kanuni ya mafundi wa majukwaa ni kwamba likisimama peke yake, urefu wake usizidi mara 3 au 4 ya upana wa chini. Jukwaa la upana wa mita 1 likivuka mita 3 bila kufungwa kwenye jengo, basi linasubiri tu mtu wa kuegemea upande usiofaa. Lifunge kwa waya au kamba kupitia dirishani, kwenye mti uliolazwa ndani ya ukuta. Usifunge kwenye fremu ya dirisha wala kwenye ukuta uliojengwa jana.

Sasa mzigo. Tofali la saruji la inchi 5, la sentimita 45 kwa 22.5, lina uzito unaokaribia kilo 25. Ndoo ya lita 20 ya udongo wa kujengea, yaani mchanga na saruji vilivyochanganywa na maji, ni kama kilo 40. Chukua nafasi moja ya jukwaa kati ya nguzo na nguzo: mafundi wawili na saidia fundi hawafiki kilo 230 wote pamoja. Wakipangiwa tofali 20 hapo, hizo ni kilo 500. Yaani jukwaa limebeba tofali kuliko lilivyobeba watu, zaidi ya mara mbili. Na tofali hizo kwa kawaida hurushwa kutoka chini, zikatua kwa kishindo katikati ya mbao, mahali ambapo mbao ni dhaifu kuliko pote. Fundi mwenye haraka anataka tofali nyingi ili asisubiri. Saidia fundi naye anataka kupumzika akishapandisha nyingi. Wote wawili wana sababu, na jukwaa ndilo linalolipa. Tofali 6 au 8 kwa kila nafasi, zipangwe karibu na nguzo, zitoshe hadi zipande nyingine.

Mbao za kukanyagia zina hesabu yake. Mbao ya unene wa milimita 38, yaani inchi moja na nusu, ishikiliwe kila baada ya mita 1.5 au chini ya hapo. Ya inchi 2 inaweza kufika kama mita 2.4 ikiwa haina mafundo makubwa. Ile ya inchi moja iliyotoka kwenye shata ya zege haifai kukanyagwa juu ya jukwaa, hata kama inaonekana ngumu: imeshalowa, imeshapigwa misumari, na ikikatika haitoi onyo. Ncha ya mbao ipite mti unaoibeba kwa angalau sentimita 5, lakini isizidi mara nne ya unene wake. Mbao ya inchi 2, basi, isitokeze zaidi ya sentimita 20. Ikitokeza nusu mita, mtu akikanyaga ncha, upande wa pili unainuka na yeye anaenda nayo. Hii ndiyo ajali ya jukwaa lililokuwa zima kabisa: hakuna kilichovunjika, na bado mtu amelala chini.

Mbao 12

Reling ndiyo inayokatwa kwanza pesa zikipungua, kwa hiyo tuipige hesabu. Chukua ukuta wa mita 12. Ukiweka nguzo kila mita 1.5, unahitaji jozi 9, mirunda 18. Sakafu ya jukwaa ya upana wa sentimita 80, kwa mbao za inchi 2 kwa 8 zenye futi 12, inakula mbao kama 16 ukihesabu mapishano. Hizo zote zinanunuliwa bila ubishi, kwa sababu bila hizo kazi haifanyiki.

Reling ya juu ikae takriban mita 1 kutoka ulipokanyaga: chini ya hapo haimzuii mtu mzima, inampiga pajani na kumpindua. Ya kati ijaze pengo, lisizidi sentimita 47, ili anayeteleza akiwa amechuchumaa asipite chini. Kisha mbao ya kusimama miguuni, sentimita 15 au zaidi, izuie tofali na mwiko visimdondokee aliye chini. Kwa mita 12, safu mbili za 2 kwa 4 za futi 12 ni mbao 8, na mbao za miguuni ni 4. Jumla 12, pamoja na vipande vya kufunga ncha mbili za jukwaa. Mbao hizo hazimezwi na zege. Zinapanda na jukwaa, zinahamia ukuta wa pili, na mwisho wa kazi zinaingia kwenye kenchi za paa. Mwenye nyumba aliyeweza kununua vigae vya sebuleni anaziweza, ila hakuna aliyemwandikia. Ndiyo maana naona mstari wa jukwaa na reling uwepo kwenye makisio ya kwanza kabisa, wenye idadi na bei, kama ilivyoandikwa misumari.

Reling ipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, siyo wa nje. Mtu akiiegemea, uzito wake unaisukuma kwenye nguzo. Ikiwa nje, uzito wake unang'oa misumari.

Shimo lililofunikwa vibaya

Slabu ikishamwagwa huwa na matundu: la ngazi, la mabomba, pengine la tenki au lifti. Tundu lililo wazi linaua, lakini linaonekana. Linalotisha zaidi ni lililofunikwa kwa marini bodi (ubao mpana wa plaiwudi) isiyopigiliwa. Angalia inavyotokea. Saidia fundi anatumwa kukusanya marini bodi zilizozagaa juu ya slabu. Anaikuta moja imelala, anainama, anaishika kwa mikono miwili na kuiinua mbele ya kifua. Sasa bodi imemziba macho asione miguu yake. Anapiga hatua moja mbele ili aibebe vizuri, na hatua hiyo inaingia kwenye shimo ambalo bodi ile ile ilikuwa inalifunika.

Kwa hiyo kifuniko kipigiliwe au kifungwe kwa waya, kiwe kipana kuliko shimo pande zote, kiweze kubeba mtu na toroli lililojaa, na kiandikwe SHIMO kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Njia nzuri zaidi hufanyika kabla ya kumwaga zege: acha nondo za slabu zipite juu ya matundu ya mabomba, uzikate siku fundi bomba atakapokuja. Tundu la ngazi halifunikiki vizuri, hilo lizungushiwe reling.

Ukingo wa slabu nao una hatari siku shata inapovuliwa. Anayevua hung'oa mbao kwa nguvu akiwa amesimama kwenye ukingo, mkono ukivuta kuelekea kwake. Msumari ukiachia ghafla, anarudi kinyumenyume. Asimame ndani, ukingo usiwe nyuma yake, na asikae mtu chini ya eneo hilo.

Ngazi na paa

Ngazi ya kugongwa saitini huwa na kosa moja: vipandio vimepigiliwa usoni mwa miti miwili, na misumari pekee ndiyo inayobeba mtu. Chonga kiti kidogo kwenye mti ili kipandio kikae ndani, au pigilia kipande cha mbao chini yake kila upande. Iegemezwe kwa kipimo cha 4 kwa 1: ikigusa ukuta kwa urefu wa mita 4, kitako kiwe mita 1 kutoka ukutani. Ipite mahali pa kushukia kwa mita 1 ili mtu awe na pa kushika anapovuka, kisha ifungwe juu. Kupanda na ndoo begani ni mkono mmoja umepotea. Kapi na kamba hupandisha ndoo haraka kuliko mtu, na bei yake ni ndogo.

Kwenye kupaua, anayeanguka mara nyingi amekanyaga bati lisilofungwa, au amekanyaga katikati ya papi na papi, yaani zile mbao zinazopigiliwa bati. Tembea juu ya mstari wa misumari, maana chini yake kuna mbao. Umande wa asubuhi juu ya bati jipya ni utelezi mtupu, subiri likauke. Lakini usisubiri sana, kwa sababu maeneo ya pwani upepo wa baharini huongezeka mchana, na bati la mita 3 mikononi mwa mtu aliyesimama kwenye kenchi linamvuta kama tanga. Bati zipandishwe moja moja na kila moja ifungwe kabla ya nyingine kuja. Kandambili hazina nafasi pale juu. Paa la zamani la asbesto, au bati la plastiki la kuingizia mwanga, lihesabiwe kuwa ni uwazi: laza mbao ndefu zinazovuka papi kadhaa, ukanyage hizo tu.

Mkanda

Watu wakitaja usalama wa juu, wa kwanza kutajwa ni mkanda. Mimi nauweka mwisho, kwa sababu mkanda hauzuii mtu kuanguka, unamkamata akiwa ameshaanguka, na kukamata kunahitaji nafasi. Kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko inaweza kurefuka kwa mita 1.75 zaidi inapochanika. Ongeza mita 1.5 kutoka mgongoni pa aliyeuvaa hadi nyayo zake, na mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 chini ya mahali kamba ilipofungwa. Aliye kwenye slabu ya ghorofa ya kwanza akiifunga kwenye nondo iliyo miguuni pake, mita 3 kutoka chini, atagonga ardhi kabla kamba haijamaliza kazi. Ifungwe juu ya kichwa, au iwe fupi kiasi kwamba haimruhusu kufika ukingoni kabisa. Hiyo ya pili naipenda zaidi.

Inapofungwa pawe na uwezo wa kubeba zaidi ya tani moja, kilonyutoni 12 kwa vipimo vya Ulaya. Reling ya mbao haiwezi, nondo moja inayoyumba haiwezi. Nguzo ya zege iliyokauka inaweza. Mkanda wa kiunoni peke yake usitumike kukamatia mtu: unambana tumbo na mbavu, na unaweza kumchomoka kichwa kikielekea chini. Unaofaa unapita mabegani na mapajani. Na mtu aliyening'inia ashushwe ndani ya dakika chache, kwani damu hukaa miguuni na anaweza kuzimia, kisha kufa, hali hana jeraha. Kama hakuna aliyepanga atashushwaje, kazi ya mkanda haijaisha.

Ameanguka. Sasa?

Kitu cha kwanza saitini huwa ni watu wawili kumshika mikono na miguu, kumkunja katikati na kumwingiza kwenye bajaji. Uti wa mgongo uliovunjika bila kukata neva unaweza kuzikata pale pale, na wasaidizi wenyewe ndio wanaokuwa wamezikata. Mwambie asijisogeze. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa na shingo kwa mikono miwili vikiwa mstari mmoja na mwili, asiachie. Angalia anapumua, bana panapotoka damu nyingi kwa kitambaa. Usimpe maji wala chakula, huenda akahitaji kupasuliwa.

Ikibidi ahamishwe, tafuta mlango wa mbao au marini bodi. Watu wanne au watano wamgeuze ubavu kwa pamoja, kwa hesabu ya aliyeshika kichwa, bodi iingizwe mgongoni, arudishwe juu yake, afungwe kwa kanga au kamba kifuani, nyongani na miguuni. Pikapu inambeba akiwa amenyooka. Bajaji haiwezi.

Aliyetua kwa miguu na visigino vikavimba, waambie hospitali waangalie na mgongo, kwani nguvu iliyovunja kisigino hupanda hadi uti wa kiunoni. Aliyegonga kichwa akaamka na kusema yuko sawa asipelekwe nyumbani kulala. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, maji meupe puani au masikioni, mboni moja kubwa kuliko nyingine, ni dalili za kukimbia hospitali. Asiyehisi miguu, popote atakapolazwa, ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, hata kabla ya rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Vidonda vya kulalia vinaanza mapema, na vimeua watu walionusurika kwenye kuanguka kwenyewe.

Fidia

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kukusanya michango mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Mfuko unalipa matibabu, ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, mtu wa kumhudumia aliyelemaa, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Taarifa ifike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Wengi hupoteza haki hiyo kwa sababu mwajiri alilipa bili ya kwanza, akaahidi "tutaangalia", na mwaka ukakatika.

Kibarua aajiriwe kwa mdomo au kwa maandishi, kazi ni kazi. Ugumu wake uko kwenye ushahidi, kwa kuwa kwenye saiti ndogo jina lake haliko popote na fundi mkuu naye hajasajiliwa. Kwa hiyo fundi mkuu awe na daftari la mahudhurio, jina na tarehe kila siku. Daktari aambiwe kwamba ameumia kazini, na aandike hivyo. Ndugu wachukue majina na namba za simu za waliomwona akianguka. Kisha mtu apige picha za jukwaa, fundo lililoachia, mbao iliyokatika na vitako vya nguzo, siku hiyo hiyo, maana kesho yake jukwaa huwa limeshabomolewa na kufungwa upya.